Mpira wa Maji na Komeo la Ndani

Kabula, ng'wanawane, mwanangu,

Nakuandikia barua na wewe uko hatua kumi kutoka hapa nilipokaa. Nakuona dirishani. Umekaa kwenye mkeka, mgongo umeuegemeza kwenye magoti ya shangazi yako Minza, naye anakusuka. Baba mwingine angekuita tu akakwambia alichonacho moyoni, lakini unanijua. Mimi nikianza kuzungumza naishia kuchekesha watu, na neno lenyewe linapotelea kwenye vicheko. Kwa hiyo utaisoma hii kesho ndani ya basi, ukishafika mahali ambapo siwezi kukukimbilia nikakunyang'anya.

Sitaandika habari za sabuni, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za wavulana wa mjini. Mama yako ameyasema yote hayo tangu Jumapili, na ya wavulana ameyasema mara tatu. Mimi nina maswali yako mawili ya kujibu.

La kwanza uliniuliza jana, ulipokuta kwenye sanduku lako kipande cha mpira wa maji kimekunjwa na kufungwa kwa uzi. "Baba, huu mpira mchafu wa nini? Nakwenda kusomea uuguzi, siendi kumwagilia bustani." Nikakwambia uuache hapohapo, ukanitazama kama mzee aliyeanza kusahau majina ya watoto wake. La pili umeniuliza tangu ukiwa mdogo na sijawahi kulijibu. Kwa nini shangazi Minza anakuja kwetu kila msimu, analima na sisi, anakula na sisi, lakini halali? Jua likianza kushuka tu, anajifunga kitenge chake na kwenda njia panda kusubiri gari la mwisho la kurudi Mkula. Mama yako alikuwa anakujibu kwamba shangazi ana kuku. Ni kweli, kuku anao. Lakini kuku hawawezi kumzuia mtu kulala kwa mdogo wake miaka yote hiyo.

Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe linanitia aibu.

Wewe umepata akili ukakuta maduka ya Bariadi yamejaa, kwa hiyo hutajua tulivyokuwa. Sisi tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Betri za tochi zikiisha tulikuwa tunazianika juani ili zipate nguvu tena, na tukiona mwanga hafifu tunashangilia. Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Wiki hii unaona mabeseni ya plastiki, wiki ijayo unaona redio, na mnadani mitumba imemwagwa chini kwenye turubai mpaka hujui uanze kuchagua wapi. Mimi niliugua ugonjwa wa kununua. Nilinunua koti zito la watu wa nchi za baridi, nikalivaa kanisani mwezi wa kumi, mpaka katekista akaniuliza kwa upole kama nina malaria.

Nikanunua chupa ya chai. Bibi yako, mama yangu, alipomiminiwa saa sita mchana chai iliyopikwa alfajiri, ikamwunguza ulimi. Akaweka kikombe chini. "Moto uko wapi?" akauliza. Tukamwonyesha chupa. Akaishika kwa nje, akaona ni baridi, akaigeuza huku na huku. "Mimi sinywi kitu kinachoficha moto," akasema, na kweli hakunywa hadi alipofariki. Tulimcheka sana. Siku hizi sicheki. Alikuwa ameshangaa, na alikuwa na haki ya kushangaa. Sisi tulizoea haraka mno.

Vitu vingi nilivyonunua vilichakaa na kutupwa. Komeo moja la mlango halijachakaa, kwa sababu halijawahi kufungwa kwenye mlango wowote. Unalijua, lile la chuma lililo kwenye karatasi yake juu ya kabati. Mama yako ananitania nalo mpaka leo, "Baba Kabula, hilo komeo unalifuga?" Nitalifikia.

Ruksa hiyohiyo ilituvuruga upande wa pamba. Wanunuzi binafsi walikuja kwa mbwembwe, leo yupo na lori lake, kesho hayupo, na dawa tulizozoea kupewa kwa mkopo hatukuziona tena. Nikasema mimi nitalima mpunga. Babu yako alikuwa ametuachia eneo kule mbugani kwenye udongo mweusi. Sehemu kubwa ilikuwa yangu. Sehemu ndogo ya pembeni alimpa shangazi yako, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Wazee walinung'unika kwamba mwanamke hapewi ardhi. Babu yako akawauliza nani aliyekuwa akimlisha kwa kijiko alipokuwa mgonjwa.

Wenzangu walikuwa na majaluba madogomadogo, kila moja na kingo zake za udongo za kuzuia maji. Mimi nikachimba jaluba moja kubwa, ili watu wakipita njiani waulize ni la nani. Kwa macho pale ni tambarare tupu. Mvua ikanyesha, nikapandikiza miche, nikakaa kungoja sifa. Wiki mbili hazikupita, upande mmoja udongo ukapasuka na miche ikageuka njano, na upande wa pili miche ikazama. Maji yakawa yanabomoa ukingo na kwenda zake kwa Minza. Kwake yalituama vizuri, mpunga ukasimama kijani kibichi. Nikainua ukingo, yakaubomoa tena palepale. Msimu wa pili ikawa hivyohivyo.

Mtu mwenye akili angeanza kuichunguza ardhi. Mimi nilianza kumchunguza dada yangu. Nilikwenda kwa mganga mmoja, mbali, ili nisionekane. Nilibeba kifaranga cha kuku kama inavyotakiwa, akakipasua, akayasoma matumbo yake huku nimekaa mbele yake. Akasema, "Maji yako yanaitwa. Anayeyaita mnakula naye chungu kimoja." Hakutaja jina. Hawataji, Kabula. Wanakuachia wewe ulitaje ukiwa njiani kurudi. Na mimi kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshalitaja.

Ningelinyamazia, labda yangeishia moyoni mwangu. Lakini ulimi hauna mfupa. Niliwaambia watu wawili kilabuni, kwa kunong'ona, nikawasihi wasiseme. Unajua mambo yanavyokwenda ukishamsihi mtu asiseme.

Shangazi yako macho yake ni mekundu, umeyaona. Wewe mwenyewe umepika kwa samadi ya ng'ombe, unajua ule moshi. Kuni huku zilikwisha zamani, na wanawake wengi wa rika lake macho yao yako hivyo. Lakini miaka ile macho mekundu kwa mama mtu mzima anayeishi peke yake yalikuwa yanatosha kuwa ushahidi. Kulikuwa na kina mama waliouawa kwa mapanga katika vijiji visivyo mbali na hapa. Tulijua. Tulikwenda kuzika, tukarudi kulima.

Asubuhi moja akakuta kuku wake wawili wamekatwa vichwa na kulazwa mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja kwangu, nikiwa zizini nawafunga maksai nira.

"Mwangaluka, Masanja."

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia salamu yake ya asubuhi kwa heshima.

"Kuna neno umelisikia juu yangu?"

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani. Meno yangu ya kwanza kung'oka aliyatupa yeye juu ya paa. Na neno lile nilikuwa silijui kwa kulisikia, nililijua kwa kulizaa. Niliinama kama ninayekaza kamba ya nira, nikamwambia, "Sijasikia kitu."

Halafu akasema, "Wabeja." Alinishukuru, Kabula. Mpaka leo sijui kama alinishukuru kwa kuwa aliniamini, au kwa kuwa alikuwa amepata jibu alilolifuata.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshaondoka kwenda Mkula, kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na beseni moja kichwani. Ulikuwa na miaka mitano. Ulimkimbilia hadi kwenye mnyaa wa mwisho wa ua wetu ukimwita, mama yako akakurudisha amekubeba. Mimi nikalichukua shamba lake nikalilima.

Sasa sikiliza mambo. Msimu uliofuata maji yaliendelea kwenda kwake. Mchawi ameondoka, yuko Mkula, kwenye shamba lake nalima mimi, na maji bado yanabomoa ukingo wangu palepale na kutuama palepale! Mtu unaweza kudhani hapo nilizinduka. Wala. Nilisema, huyu mama ana nguvu, anayaita akiwa Mkula. Ukiwa umeshaamua, ng'wanawane, hata kinachokupinga unakigeuza shahidi wako.

Mwaka huohuo tukawa tunajenga jiko la parokia. Waumini tulipangiwa zamu za kubeba maji na mawe, na fundi alitoka Maswa, mtu mfupi asiyependa maneno. Siku ya zamu yangu msaidizi wake hakuja. Akanipa ncha moja ya mpira mweupe, ule unaoonyesha ndani, umejaa maji. "Shika hapo penye kijiti," akasema. "Usizibe na kidole." Yeye akaenda na ncha nyingine hadi kona ya mbali ya msingi.

Nikamwambia, "Fundi, hapa pako sawa, mbona hata kwa macho panaonekana."

"Angalia maji yalipo, weka alama."

Nikaweka. Akaweka na yeye kwake. Halafu akapima kutoka kwenye kila alama kushuka chini, na kwangu ikawa fupi kuliko kwake kwa shubiri nzima. Nikabisha. Nikamwambia mpira wake umepinda katikati. Akaunyoosha, maji yakarudi palepale. Nikamwambia tubadilishane, mimi nije kwake na yeye aje kwangu. Akanitazama kwa kuchoka, akakubali. Tulibadilishana ncha, tulibadilishana kona, niliinua mpira nikaushusha, na yale maji yalicheza kidogo, yakapanda, yakashuka, halafu yakatulia kwenye alama ileile.

Kabula, sijui nikwambieje nilivyojisikia. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimeishi na maji maisha yangu yote, nimeyanywa, nimeyaoga, nimeyalilia mvua ikichelewa, na kumbe nilikuwa siyajui. Maji ya upande huu hayayaoni ya upande ule. Katikati mpira umelala chini kwenye kokoto, umejipinda utakavyo. Na bado yanasimama kimo kimoja sawasawa, bila hila, bila kubembelezwa. Nilitamani kuvua kofia. Nilimwuliza fundi, "Nani ameyafundisha?" Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Mzee, lete maji ya zege."

Wiki ile mama yako alinituma Bariadi kumnunulia kitenge cha kwenda nacho harusini. Nilirudi na mpira. Alinitazama, akautazama mpira, akaingia ndani, na kwa siku mbili kila alichotaka kuniambia alikuagiza wewe. Siku ya tatu nilimwomba anisaidie kushika ncha moja huko mbugani. Alikuja amenuna.

Mwanzoni nilikosea. Niliujaza maji haraka, vipovu vikabaki ndani, na maji yakanidanganya. Kila nikipima mara ya pili najikuta na jibu jingine. Nilikasirika nikautupa. Mama yako ndiye aliyeuokota, akauinua juu mbele ya jua, akaviona vile vipovu vimekaa kama mayai ya chura. Akaugongagonga kwa vidole polepole mpaka vyote vikapanda na kutoka. Tulianza upya. Tulipima kuanzia kona yangu ya juu, tukihamisha vijiti kidogokidogo, tukitia alama, mpaka tukafika kwenye ukingo wa shamba la Minza. Nikajumlisha alama zote na kumwomba mama yako asimame wima.

Zilimfika kiunoni.

Pale ambapo kwa macho ni tambarare, pale ambapo nimepita na maksai miaka yote, kulikuwa na mteremko wa kumfika mama yako kiunoni. Jaluba langu lilikuwa sahani iliyoinamishwa, na shamba la dada yangu lilikuwa mdomo wa sahani. Hakuna aliyeyaita yale maji. Yalikuwa yanashuka tu, kama yalivyokuwa yakishuka kabla babu yako hajazaliwa.

Nikakaa kwenye ukingo. Nilikuwa na vitu viwili moyoni kwa pamoja, na sikuweza kuvitenganisha. Kimoja ni ule mshangao wa siku ya jiko la parokia, mkubwa zaidi sasa, kwamba kitu kilichonunuliwa dukani kama kamba kimenifungua macho nikiwa na umri ule. Kingine ni hofu. Mama yako alikuwa bado ameshika ncha yake, kununa kumemtoka. Akauliza polepole, "Sasa nani atamwambia Minza?"

Kazi ya shamba ilikuwa rahisi kuliko swali lile. Niligawa jaluba kubwa kuwa majaluba sita madogo, kila moja chini kidogo ya mwenzake. Nikasawazisha udongo kwa ubao uliokokotwa na maksai, nikipima na mama yako kila kona. Mvua ilipokuja maji yalijaa la kwanza, yakatulia, yakamwagikia la pili kwa adabu, yakatulia. Nilisimama kwenye mvua nikilowa, nikiangalia, mpaka ukatumwa kuniita kula. Unakumbuka? Ulinishika mkono ukauliza, "Baba, unaangalia nini?" Nikakwambia, maji. Ukasema, "Si ni maji tu?" Mpunga ule ndio ulioezeka nyumba hii bati na kukuweka shuleni. Majirani wakaanza kuja kuazima mpira, halafu wakaanza kuniazima mimi mwenyewe, na ndipo nikapata jina langu la Baba Mpira, ambalo najua wewe na rafiki zako mlikuwa mkilicheka nyuma ya nyumba.

Kwa Minza nilichukua misimu miwili kwenda. Safari ya kwanza nilibeba gunia la mchele. Alinipokea, akanipikia, akanisindikiza, na mimi nikarudi na neno langu tumboni nililokwenda nalo. Kuwa jasiri mbele ya simba ni hadithi. Ukitaka kumjua jasiri, mtafute anayeweza kumwambia dada yake, "Ni mimi."

Safari ya pili nilibeba mpira. Nilimwambia yote nikiwa nimekaa chini, mganga, kifaranga, kilabu, zizi. Nilipomaliza akasema, "Nionyeshe." Tukaujaza maji pale uani kwa wifi yake, nikatoa vipovu, nikampa ncha moja. Akaangalia kwa muda mrefu. Aliinua, akashusha, akaangalia kwangu, akaangalia kwake. Nilimwona usoni mshangao uleule ulionipata mimi, na kwa dakika moja tulikuwa tena watoto wawili waliookota kitu kizuri njiani.

Halafu akauweka chini taratibu, maji yakamwagika.

"Kwa hiyo, Masanja," akasema, "ulihitaji mpira ndipo ujue kuwa mimi si mchawi."

Nimewapimia watu mashamba na misingi ya nyumba, nimesifiwa kwa akili, na kila nikijaza ule mpira nasikia sentensi ile. Ufundi ule ulinionyesha ardhi. Dada yangu nilipaswa kuwa namjua tayari, bila kifaa chochote, na nilikuwa nimeshindwa.

Alikubali kurudi kulima shamba lake. Lakini nilipomwomba alale alikataa, bila hasira. "Kwako nitalima na nitakula," aliniambia. "Kulala ni kufumba macho. Mchana nayaacha wazi." Ndipo nikaenda kununua komeo. Nilitaka kulifunga kwenye mlango wa chumba kile kidogo cha wageni, kwa upande wa ndani, ili yeye ndiye awe mwenye kufunga na kufungua. Nilipolitoa kwenye karatasi nikaona aibu. Kulifunga kabla hajataka kulala ni kama kumdai msamaha kwa bisibisi. Nikalirudisha, nikaliweka juu ya kabati, na huko limekaa.

Nakupa kipande cha mpira kwa sababu huko uendako utakutana na mimi. Atakuja baba amebeba mtoto anayechemka homa, naye ameshaamua ni nani aliyemroga. Usimcheke, Kabula. Usimkaripie pia, nesi akikaripia mtu anaondoka na mgonjwa wake. Mimi nisingebadilishwa na maneno ya mtu, nilibadilishwa na kushika ncha moja kwa mkono wangu. Tafuta cha kumpa ashike. Na siku ukichoka, siku ukiona kazi yako ni ya sindano na mashuka tu, ujaze huo mpira maji, gonga vipovu vitoke, uangalie. Mimi nimeangalia miaka yote hii na bado unanishangaza kama siku ile.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo naliona dirishani.

Shangazi yako alipofika leo mchana ulimwambia akusuke mabutu manne ya haraka, nilikusikia, ili asichelewe gari. Yeye akasema hapana, mtoto hawezi kwenda chuo na mabutu. Akaanza zile nywele ndogondogo. Nimekuwa nikiandika na kumwangalia. Amemaliza upande mmoja wa kichwa, upande wa pili umesimama kama kichaka, na jua limeshafika kwenye mnyaa. Yeye ni msusi tangu msichana. Anajua saa zinazohitajika.

Gari la mwisho limepiga honi njia panda. Limepiga mara ya pili. Nimesimamisha kalamu. Ameinua kichwa, amesikiliza, halafu amekwambia kitu ukacheka, na amechukua fungu jingine la nywele.

Gari limeondoka.

Mama yako ameingia sasa hivi, amepita nyuma yangu, amefungua sanduku na kutoa blanketi la wageni. Sikumwuliza ni la nani.

Barua naifunga hapa, maana bisibisi sijui mmeiweka wapi na giza halijaingia bado. Lazima komeo liwe limekaa kabla hajamaliza kukusuka.

Ni mimi baba yako,
Masanja